Tafadhali Jibu Chini

Kundi la barua pepe la wapenzi wa redio kuukuu lilikuwa na wanachama zaidi ya mia, na kati yao waliokuwa hai kwa ushahidi wa maandishi hawakufika kumi na watano. Hao wachache waliandikiana kila siku kuhusu waya, vifundo, spika zilizotoboka na stesheni zilizokwisha kufa, kwa upole wa watu waliokaa pamoja muda mrefu kwenye benchi la hospitali. Waligombana kwa jambo moja tu: mtu akijibu barua ya mwenzake, jibu aliweke juu ya maneno anayoyajibu au chini yake.

Asiyewahi kuwa kwenye kundi la namna hii atadhani ni mzaha. Si mzaha. Ukibonyeza kitufe cha kujibu, barua uliyoandikiwa inakuja nzima, kila mstari umebandikwa mshale mdogo ubavuni kuonyesha kwamba si maneno yako, na wewe unaachiwa uamuzi: uandike juu na kuiacha barua ya mwenzako ining'inie kama mkia, au ushuke mpaka mwisho wake uandike huko. Watu wamevunja uchumba kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Msimamizi wa kundi alikuwa wa chini. Alikuwa wa chini kwa imani, kiasi kwamba wanachama walimwita Bwana Chini, mwanzoni kwa kumsengenya, halafu kwa mazoea, na mwishowe yeye mwenyewe akaanza kulitumia jina hilo kusaini. Aliyejibu juu alipata kutoka kwake barua ya siri yenye maneno yaleyale kila mara: *Ndugu, asante kwa mchango wako. Tafadhali jibu chini.* Wengi walitii. Fundi Waya, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza redio na mdomo usiochoka, alitii siku zile tu alizokumbuka.

Imani hiyo Bwana Chini hakuiokota njiani. Alikuwa karani wa masjala tangu ujana hadi kustaafu, katika ofisi yenye korido ndefu na dirisha moja linalofunguka. Kazi ya masjala, kwa asiyeijua, ni kuhakikisha kwamba hakuna karatasi inayopotea, hasa ile ambayo kila mtu angependa ipotee. Ndani ya kila jalada, upande wa kushoto, palikuwa na ukurasa wa madokezo. Mdogo anaandika swali lake, anasaini. Mkubwa anaandika jibu chini yake, anasaini. Mkubwa wa mkubwa chini ya hapo. Ukisoma kutoka juu kushuka, unayaona mawazo ya serikali yakitembea, polepole, kwa viatu vinavyobana, lakini kwa mpangilio. Mtu aliyeandika juu ya dokezo la mwenzake alikuwa ama amelewa ama ni waziri.

Na palikuwa na sheria ya pili, kubwa kuliko hiyo: karatasi ikiingia kwenye jalada haitoki. Kwa hiyo Bwana Chini alipojibu barua za kundi hakukata hata neno. Alishuka chini, akapita barua ya kwanza, jibu la kwanza, jibu la jibu, salamu za Fundi Waya, samahani ya Fundi Waya kwa salamu zilizotangulia, na huko mwisho kabisa, kama mtu aliyefika ghorofa ya chini bila lifti, akaweka sentensi yake moja.

Nyumbani mambo yalikuwa hivyohivyo. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na hakuna kilichotoka kwenye jalada. Kandambili zake zilikuwa mlangoni. Kikombe chake kilikuwa kwenye kabati la vyombo, mpini umegeukia kulia. Binti yao, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki na aliyezoea kuona kitu kikiingia, kikiuzwa na kuondoka, alikuwa amekwisha kusema mara nyingi kuhusu kabati la nguo.

"Baba, zile nguo tuwape watu."

"Bado, mama."

"Bado ya lini?"

"Bado tu."

Redio ndiyo iliyompeleka kwenye kundi. Ilikuwa ya mkewe, ya mezani, ya mbao, yenye kitambaa cha kahawia mbele ya spika, na miezi michache baada ya msiba ilianza kunguruma. Fundi wa mtaani alimshauri anunue nyingine. Bwana Chini akamshukuru, akarudi nayo nyumbani, akamwomba binti yake amtafutie kwenye mtandao mahali wanapokaa watu wenye akili. Akaandika barua yake ya kwanza, kichwa chake *Redio inanguruma*, na mstari wa pili ulisema: *Redio hii ilikuwa ya marehemu mke wangu, alikuwa akiisikiliza wakati anakunja nguo.* Kisha akaeleza ukubwa wake kwa sentimita.

Mwaka haukuisha kabla hajawa msimamizi, kwa njia ambayo watu wengi huwa wasimamizi: alikuwa peke yake aliyeisoma barua ya kuomba mtu ajitolee.

Kuhusu ngurumo walimshauri mengi, na hakuna lililosaidia, mpaka alipojiunga mama mmoja aliyesaini *Opereta mstaafu*. Alikuwa ameendesha simu za hospitali kubwa kwa miaka mingi, alisema, kazi yake kuunganisha wenye maumivu na wenye dawa, na redio alikuwa akizifungua tangu utotoni kwa sababu zilikuwa hazimfukuzi. Hakuuliza ukubwa wa redio. Aliuliza:

*Ukizungusha kifundo cha sauti mpaka mwisho kushoto, ngurumo inaondoka au inabaki?*

Bwana Chini akazungusha. Inabaki, aliandika, chini kabisa.

*Basi ugonjwa uko kwenye umeme wake, si kwenye koo lake. Ni kapasita kubwa zile za mwanzo, vikopo vinavyotunza umeme. Usiguse kitu leo. Chomoa waya ukutani, uiache ipumzike, na wewe pumzika. Kesho utanieleza ngurumo yenyewe ni ya nyuki au ya lori.*

Alitafakari jioni nzima na kuamua ni ya lori, lakini la mbali. Opereta alifurahi kwa jibu hilo kuliko lilivyostahili. Wakaendelea. Kutoka ngurumo wakaingia kwenye stesheni walizosikiliza utotoni, kutoka hapo kwenye sauti za watangazaji, kutoka hapo kwenye kwa nini mtu aliyezoea kukunja nguo akisikiliza redio hawezi kuzikunja kimya. Binti aliona baba yake ameanza kuchana nywele kabla ya kufungua kompyuta.

"Kwani wanakuona humo?"

"Hawanioni."

"Sasa chanuo la nini?"

"Ni adabu," alisema baba, na kuvuta kiti.

Doa lilikuwa moja. Opereta alijibu juu. Kila mara, bila aibu, maneno yake yalikaa juu ya yale ya Bwana Chini kama kofia. Akatumiwa barua ya siri. Akajibu, juu: *Nimekusikia.* Akaendelea vilevile. Akatumiwa ya pili na ya tatu. Mtu mwingine angeacha. Lakini wanachama walikuwa wakitazama, Fundi Waya alikuwa ameuliza hadharani kama siku hizi sheria ina shemeji, na Bwana Chini, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpendelea hata ndugu yake, alihisi masikio yakiwaka. Akaizuia barua yake moja isiende kwenye kundi, akamrudishia na maneno yaleyale.

Siku mbili Opereta hakuandika. Siku ya tatu akaandika, na haikuwa juu. Wala haikuwa chini. Jibu la Opereta lilikuwa limeangukia katikati, ndani ya sentensi ya Fundi Waya, likalikata neno lake moja vipande viwili, kwa hiyo ilionekana kana kwamba Fundi Waya anapendekeza redio ipewe pole na kapasita ipelekewe salamu.

Bwana Chini aliipitisha, na chini yake akaandika kwa kundi zima: *Ndugu wanachama, mnaona wenyewe. Huu ndio mfano wa jinsi ambavyo hatujibu.* Kwa maoni yake huo ulikuwa utani. Katika masjala mtu angecheka.

Kesho yake asubuhi kompyuta ilimletea taarifa fupi ambayo huandikwa na mashine yenyewe: mwanachama amejiondoa.

Redio ilikuwa mezani, mgongo wake umefunguliwa, skrubu zimepangwa kwenye kisosi kwa ukubwa. Opereta alikuwa amemfikisha kwenye kapasita ya kwanza na kumwambia asubiri maelezo ya kuigusa, maana kapasita inaweza kukupiga hata waya ukiwa umechomolewa. Maelezo hayakuja. Bwana Chini hakuigusa na hakuifunga. Baba na binti wakala kwenye kona ya meza iliyobaki, viwiko vikigongana.

"Mwandikie," alisema binti.

"Nimwandikie wapi? Ametoka."

"Ulisema una anwani zao wote."

"Anwani za kazi ya kundi. Si za mambo yangu."

"Baba, wewe mambo yako ni yapi hasa?"

Baba akachukua sahani yake, akaenda kuiosha, na alikaa huko muda mrefu kwa sahani moja.

Alijaribu kukasirika. Alijiambia kwamba mtu mzima haondoki kwa sababu ya mstari mmoja. Kwamba kuandika chini si kubeba matofali. Kwamba yule mama alikuwa na kiburi cha watu wa hospitali kubwa. Hasira ikakataa kushika. Kilichobaki ni kwamba kila asubuhi alifungua kompyuta nywele zimechanwa, akatafuta jina lile moja, akakuta Fundi Waya.

Na Fundi Waya ndiye aliyepiga simu, siku ya kumi hivi, kuleta habari ya spika ya mwanachama mmoja.

"Shikamoo Mzee Chini."

"Marahaba."

"Spika ya yule jamaa imefika. Halafu, mzee, samahani, nimtetee kidogo yule mama. Mimi ndiye ninayempelekea vipuri nyumbani kwake. Nilicheka na mimi, sikatai, lakini ile ya kumweka mbele za watu..."

"Alikata sentensi yako katikati."

"Alikata, ndiyo. Lakini mzee, yule mama haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Macho. Tangu amezaliwa."

Bwana Chini alikuwa amesimama. Akatafuta kiti kwa mkono, akakikosa, akakipata.

"Mbona hakusema?"

"Nilimuuliza. Akasema, kwenye redio mtu anauliza sauti yako, haulizi macho yako. Kompyuta yake inamsomea kwa sauti. Nilidhani unajua, mzee. Wewe si ndiye msimamizi?"

Binti aliporudi kutoka dukani, mikono bado ina grisi, alimkuta baba yake kwenye kiti kilekile.

"Simu yako," alisema baba, "inaweza kusoma barua kwa sauti? Kama zile zinazowasomea watu wasioona?"

Inaweza. Ilichukua muda kuipata ndani ya mipangilio, na mara ilipowashwa simu ilianza kutangaza kila kitu kilichoguswa kama mpiga mbiu. Baba akamwelekeza kwenye barua yake ya mwisho katika mazungumzo ya *Redio inanguruma*, ile aliyomjibu Opereta kuhusu kapasita. Binti akaweka simu mezani, kando ya redio. Ikaanza, kwa sauti ya kike isiyo na haraka wala huruma:

"Kubwa kuliko. Kubwa kuliko. Kubwa kuliko. Kubwa kuliko. Ndugu wanakundi nukta mbili. Kubwa kuliko. Kubwa kuliko. Kubwa kuliko. Kubwa kuliko. Naomba msaada wenu koma."

"Kubwa kuliko nini?" aliuliza baba.

Binti akatazama skrini, akaanza kucheka. "Ile mishale yako, baba. Ya ubavuni. Alama ya hesabu ile. Anaisoma yote."

"Kila mstari?"

"Kila mstari. Na ukijibiwa mara nne, ziko nne."

Sauti iliendelea. Ilisoma tarehe na saa. Ilisoma anwani ya Fundi Waya herufi kwa herufi. Ilisoma salamu za Fundi Waya, kubwa kuliko, kubwa kuliko, na samahani yake. Ilisoma vipimo vya redio kwa sentimita, kwa mara ya tatu. Binti aliacha kucheka. Akaenda kunawa grisi, akarudi, ikawa bado inasoma. Akabandika chai. Baba hakujongea, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa hukumu ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika. Chai ilichemka, ikamiminwa, ikaanza kupoa, na ndipo, kutoka chini kabisa ya kisima, mishale ikaisha na sauti ikasema:

"Nakubaliana na maelezo ya hapo juu."

Binti akaizima simu.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza binti.

"Ndiyo hiyo."

"Na yule mama alisikiliza hizi zote?"

"Miezi minne," alisema baba.

Hakuandika. Alijua sasa kwamba barua yake ingemfikia kama mvua ya mishale. Alimpigia Fundi Waya, akaomba amwombee kwa Opereta ruhusa ya kumtembelea, na ruhusa ikaja kwa maneno ya mkato: aje, na redio yenyewe.

Opereta aliishi kwenye nyumba za ghorofa nyuma ya hospitali aliyostaafu, chumba cha chini, karibu na mabomba. Bwana Chini alifika amevaa koti lake la ofisini, redio kifuani imefungwa kwa khanga ya mkewe, kwa sababu hakupata kitambaa kingine cha ukubwa ule, au hakutafuta. Akapiga hodi.

"Karibu, Bwana Chini," ilisema sauti kabla mlango haujafunguka.

"Umejuaje?"

"Umebisha kwa nafasi sawasawa kama unapiga mihuri. Halafu unahema kama mtu aliyebeba redio. Ingia, pita kulia, meza iko tupu."

Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, nywele nyeupe zimesukwa nyuma, uso umeelekezwa kidogo pembeni, upande ambako sauti ilikuwa imetoka mwisho. Chumba kilikuwa safi na cha giza. Baada ya kitambo alikumbuka taa, akaiwasha kwa ajili ya mgeni. Redio zilijaa kwenye rafu mpaka darini, zote zimezimwa, isipokuwa moja iliyonong'ona taarifa za hali ya hewa kwenye kona. Pasi ya kuchomelea ilining'inia kwenye msumari wake.

Bwana Chini aliweka mzigo mezani. Njiani alikuwa amepanga maneno yake, na aliyapanga kwa mfuatano, kama inavyotakiwa.

"Kwanza kabisa," alisema, "nilipokabidhiwa usimamizi wa kundi nilikuta hali ambayo wanachama walikuwa wakijibu bila utaratibu. Pili, mimi kwa kazi yangu ya masjala..."

"Ndugu yangu," alisema Opereta, "nimeendesha simu za hospitali. Mtu akipiga, namwambia anipe kwanza anachotaka, habari atanipa baadaye. Anzia mwisho."

Bwana Chini akayaruka yote aliyoyapanga.

"Nisamehe," alisema.

"Ehee. Unaona ilivyokuwa chini? Ningekungoja mpaka jioni." Akavuta kiti, akaketi. "Nimekusamehe. Sasa niambie hayo mengine, nina nafasi."

Lakini mengine yalikuwa yamemtoka. Akaketi na yeye.

"Ile siku ya tatu," alisema Opereta, "nilijaribu kushuka. Nikijibu juu si kiburi. Nafungua barua, mahali pa kwanza ninapofika ndipo ninapoandika. Chini sijui chini ni wapi. Nikashuka mstari mmoja mmoja, namsikiliza Fundi wako, nikadhani amemaliza. Fundi Waya huwa anamaliza? Asubuhi nzima. Nikasema, haya, leo msimamizi atafurahi. Halafu ukaniweka mbele za watu."

"Nilidhani ni utani."

"Ulikuwa utani. Mbaya."

Alisikiliza kidogo, kama anayehakikisha kwamba mgeni bado yupo. Kisha akacheka, kicheko cha chini cha mtu aliyezoea kucheka huku laini iko wazi.

"Pale hospitali nilikaa mlango mmoja na masjala. Nilikuwa nawasikia makarani wakigombana. Hebu niambie. Madokezo yanashuka chini, sawa. Barua je? Barua mpya ikifika, mnaiweka wapi ndani ya jalada?"

Bwana Chini aliinua mkono kama ameshika barua. Miaka thelathini na zaidi mikono yake ilifanya jambo hilo bila kumshirikisha.

"Upande wa kulia," alisema.

"Upande wa kulia, wapi?"

"Juu."

"Juu."

"Ya karibuni huwa juu," alisema, polepole. "Mkubwa akifungua jalada aikute."

"Aha," alisema Opereta, na hakuongeza neno, jambo lililokuwa la huruma kubwa kwa upande wake.

Akasogeza mikono mezani mpaka ikagusa khanga. Vidole vilipita kwenye pindo, vikatambua ni kitu gani, vikasimama.

"Ya kwake hii?"

"Ndiyo."

"Nitaifungua taratibu." Akafungua fundo. "Ningekwambia kitu. Barua zako nilizichoka. Vipimo vile vya sentimita ningeweza kuvisoma usingizini. Lakini kila mara, kule ndani, palikuwa na mstari mmoja. Ule wa akiisikiliza wakati anakunja nguo. Nilikuwa naupita mbio ule wa Fundi na wa vipimo, nikifika hapo nauachia usome. Sijui nimeusikia mara ngapi. Ukianza kukata, na utakata, ule usiukate."

Bwana Chini alitazama dirishani. Hapakuwa na cha kutazama, ukuta tu na bomba. Alifurahi, kwa aibu, kwamba uso wake haukuwa wa kuonwa na mtu, halafu akatambua kwamba pumzi yake ilikuwa ikisikika chumba kizima.

"Chukua maji hapo kwenye mtungi," alisema Opereta. "Halafu njoo unishikie."

Walifanya kazi mpaka mchana. Yeye alitoa chaji ya kapasita kwa waya wenye kipinga cha kupunguza umeme, akiihesabia kwa midomo, na kumwambia Bwana Chini asimame mbali na aache kusema pole kila kitu kikigongana. Alichomelea kwa kugusa kwanza kwa ncha ya kijiti, kisha pasi ikafuata kijiti. Kapasita mbili za zamani zilitoka zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Opereta akazishika kiganjani.

"Unazitaka?"

Ilikuwa ni karatasi inayotoka kwenye jalada. Bwana Chini aliziangalia muda mrefu.

"Hapana," alisema. "Zitupe."

Waliiwasha. Taa ya nyuma ya namba ikaja taratibu, manjano, na lori lililokuwa mbali lilikuwa limekwenda zake. Ulibaki mnong'ono mdogo sana, ambao Opereta alisema ni wa umri tu na kila mwenye umri anao. Mtu fulani alikuwa akisoma bei za mazao sokoni. Wakasikiliza bei za mazao mpaka mwisho, kwa makini, watu wawili wasio na shamba.

Jioni ile Bwana Chini aliandikia kundi. Tangazo lilikuwa fupi: mwanachama ajibu juu au chini, anavyoweza, lakini anukuu kile tu anachojibu, na kilichobaki akikate, maana kuna wanaosoma kwa masikio na muda wao ni wao. Chini yake akaongeza kwamba msimamizi alimkosea mwanachama hadharani na anamwomba radhi hadharani. Kisha akatazama alichoandika, akaihamisha sentensi hiyo ya mwisho, akaiweka ya kwanza.

Fundi Waya alijibu ndani ya dakika. Aliandika *Safi sana mzee*, akanukuu tangazo zima.

Binti alikuwa mlangoni, amebeba mfuko mkubwa wa plastiki mtupu, wa ile inayokuja na matairi. Hakusema ni wa nini. Redio ilikuwa mezani, mgongo umefungwa, inaongea peke yake.

"Weka hapo kitandani," alisema baba bila kugeuka. "Tutaanza na makoti. Khanga ngoja kwanza."

"Sawa baba."

"Na kandambili ngoja."

"Nimesema sawa."

Asubuhi alikuta kwamba mwanachama mmoja amejiunga upya, na barua moja kwenye *Redio inanguruma*. Jana, kabla ya kulala, alikuwa ametuma kwenye mazungumzo hayo barua moja zaidi. Ilimchukua muda kuliko tangazo, kwa sababu alikuwa akikata. Alikata vipimo. Alikata salamu, na samahani, na tarehe; kila alipofuta alihisi mkuu wa masjala amesimama nyuma yake. Ulipobaki mstari mmoja tu akaacha, na chini yake akauliza kama anaweza kuja tena Alhamisi, maana kuna redio nyingine ndogo ya jikoni ambayo sauti yake haimridhishi. Redio hiyo haikuwa na tatizo lolote.

Akachana nywele. Akaifungua barua ya Opereta, na kwa mara ya kwanza hakukimbilia chini. Alianzia pale pale barua ilipoanza, kwa sababu ndipo yule mtu alipokuwa:

*Njoo. Uje na hizo nguo za kukunja ukiwa nazo, mikono yangu haina kazi Alhamisi.*

Na chini yake, kwa mishale miwili tu, mstari mmoja ambao Opereta hakuukata:

*>> Redio hii ilikuwa ya marehemu mke wangu, alikuwa akiisikiliza wakati anakunja nguo.*